Nyanya Yangu ya Mwisho

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo naingia mwaka wa thelathini na tatu tangu nitoke kwetu. Nimeiandika sentensi hiyo nikairudia kuisoma, kama nilivyozisoma sentensi za watu wengine muda wote niliokuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji. Haina kosa. Ingekuwa nalo ningefarijika.

Hali ya bustani: mbaya. Bustani yenyewe ni makopo ya rangi nyuma ya nyumba, yamepangwa kando ya ukuta unaotutenga na Fundi. Mnyauko umeingia. Ulianza kwenye kopo la pembeni, majani yakalegea kama masikio ya mbwa aliyekemewa, kisha ukahama kopo hadi kopo bila haraka. Umebaki mche mmoja. Kwenye mche huo, tunda moja. Kwenye tunda hilo, kila kitu.

Nieleze, maana nikifa leo atakayesoma hapa atadhani nilikuwa mwendawazimu. Nyanya hii ni ya kwetu. Ina mikunjo mbavuni kama mfuko uliokazwa kamba, na mabega yake hubaki kijani hata ikiiva. Ngozi nyembamba. Haivumilii gari wala gunia, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuiuza sokoni. Mama alizihifadhi mbegu zake kila msimu, na mimi nilitoka nazo kwetu ndani ya kasha la miwani. Tangu hapo nimepanda, nimechuma, nimehifadhi, nimepanda.

Wiki iliyopita mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alinipigia simu kutoka kule. Akasema haipo tena. Kule sasa wanapanda chotara za dukani, ngumu kama mpira wa kuchezea. Ameulizia nyumba kwa nyumba. Mjomba, akasema, umebaki wewe tu. Lete mbegu mwenyewe, uje utuonyeshe zinavyotunzwa. Nikamwahidi nitafika nazo mvua zikianza. Niliahidi ili tukate simu. Tangu nitoke sijarudi hata mara moja.

Kwa hiyo: tunda hili likiharibika, nyanya hiyo haipo tena popote duniani. Naogopa ndege. Naogopa jua. Naogopa Fundi kuliko ndege na jua.

Fundi ni fundi cherehani. Hutembea na tepu shingoni hata akienda kuoga, nadhani. Leo alichungulia juu ya ukuta, akaishusha tepu, akalipima tunda langu kiunoni kabla sijamkataza. Akasema, Mzee, hili ni la kushonewa suti. Akaomba mbegu kidogo likiiva. Nikamwambia ni chotara, mbegu zake hazifai. Akauliza ni chotara gani yenye mikunjo kama koti la babu yake. Nikajifanya sisikii. Umri una faida zake.

Mpango: kulificha tunda. Kesho.


Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimelivalisha tunda soksi. Soksi yangu ya sufu, ya kijivu, imefungwa kwa uzi juu ya kikonyo. Ndege hawaioni nyanya, wanaona soksi. Fundi naye haoni kitu cha kupima. Niliingia ndani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo muda mrefu.

Kufikia saa nne Fundi alikuwa ukutani akiita. Aliuliza, kwa sauti ya kuwafaidisha wapita njia, kama nyanya yangu ina mafua.

Hapa lazima niandike jambo moja. Tangu tupate mjukuu wa kwanza, mtaa mzima unamwita mke wangu Nyanya. Wajukuu wanaishi mbali, lakini jina limebaki hapa, kila mtu analitumia, hata watu wa rika lake, hata mpwa wangu kwenye simu. Basi mke wangu alikuwa jikoni. Alimsikia Fundi. Akatoka na mwiko mkononi akasema hana mafua, nani anamsingizia mafua. Fundi akasema si wewe, Nyanya, ni nyanya. Wakacheka pamoja juu ya ukuta mpaka mke wangu akajifuta macho. Mimi nilisimama kando ya soksi.

Mchana nikaifungua. Tunda linatoka jasho. Sisimizi wameingia kwa chini, wamepanga foleni. Nikawatoa mmoja mmoja kwa brashi ya kunyolea. Ngozi imeanza kuchanika karibu na kikonyo.

Halisubiri tena.


Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimelichuma. Nililibeba kwa mikono miwili hadi jikoni, nikamwomba mke wangu asikohoe.

Kulikata ndiyo kazi. Unapitisha kisu kiunoni, si kichwani, vyumba vya mbegu vinafunguka vyote kwa pamoja. Kisha unakamua: mbegu na ule ute wake, kama mayai ya chura. Vyote nikavitia kwenye chupa ya jamu pamoja na maji kidogo, nikafunika kwa kitambaa. Sasa ni kuacha vioze. Watu hawalijui hili, wanaosha mbegu siku hiyohiyo wanaanika kwenye karatasi, mwaka unaofuata wanashangaa. Ule ute unaizuia mbegu isiote. Lazima uoze mpaka juu kutande ukungu mweupe, ndipo mbegu zinaachia na kuzama. Mama aliiweka chupa dirishani kwetu, na sisi watoto tulipita mbio huku tumeziba pua. Natamani harufu ile. Hakuna anayeweza kuelezwa jambo hilo bila kukutazama vibaya.

Mke wangu hatamani. Alinusa mara moja akasema kitu hicho kikianza kunuka kitaenda jaani, na mimi nikitaka nikifuate. Si mwanamke wa kutania kuhusu uchafu.

Nyama ya tunda tuliila kwa chumvi.


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Bahati. Dada yake mke wangu amefanyiwa upasuaji wa jicho, na mke wangu ameondoka alfajiri kwenda kumtazama. Atakaa huko siku chache. Kwa haraka ameisahau simu yake kitandani.

Chupa imeanza. Povu dogo. Harufu kama ya mguu uliokaa kwenye kiatu msimu mzima. Nimeitoa dirishani, kwa sababu dirisha linatazama ukuta, na ukuta unamtazama Fundi. Nimeiweka kabatini, chini ya makoti, nimeizungushia kilemba cha mke wangu ili isipate baridi. Kabati nimelifunga kwa ufunguo. Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Kila nikipita nanusa tundu la ufunguo.


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimempigia mpwa wangu kumpa taarifa. Mtandao hapa unapatikana mahali pamoja tu, kwenye pembe ya uwani karibu na ukuta, na hapo penyewe unameza maneno marefu. Nimejifunza kuongea kwa ufupi. Nayaandika niliyoyasema, neno kwa neno, ili nijipongeze baadaye kwa kubana matumizi:

Nyanya kwisha. Ya mwisho. Kisu juzi. Sasa kabatini. Harufu ipo, kawaida. Usimwambie mtu.

Hayo ya mwisho ni kwa ajili ya usalama. Nani ajuaye ni nani ametega sikio kule kwetu, habari zikisambaa kila mtu atataka mbegu.

Mpwa wangu aliita, Mjomba, Mjomba! Halafu simu ikakatika. Nadhani alizidiwa na furaha.

Nilipogeuka niliona ncha ya tepu juu ya ukuta. Ilikuwa inatikisika. Kisha ikazama.

Ameshajua. Ameshajua iko kabatini. Nimesogeza kitanda kikaziba mlango wa kabati.


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Simu ya mke wangu imelia asubuhi yote. Inalia, inanyamaza, inalia. Sikuipokea. Ni wauzaji wa mbegu, wameshapata habari; wana mbinu, wanaanza na mke. Mwishowe nikaizima.

Kisha ikalia yangu. Mpwa wangu, analia. Alinipa pole. Nikamshukuru, nikasema ndiyo hali, nyingine zote zilitangulia, zikalegea moja baada ya moja, nikabaki na hiyo. Sikujua kwamba anajali kiasi hiki. Nilianza kumwona kwa jicho jipya.

Akauliza kama aliteseka sana.

Sasa, mimi ni mtu mpole, lakini nimekula mkate wangu kwa upatanisho wa kisarufi. Vijana wamefika mahali pabaya. Nikamwambia: mwanangu, si "aliteseka", ni "iliteseka". Tunda si mtu. Nadhani neno tunda mtandao ulilimeza, kwa sababu alilia zaidi. Akauliza, kwa shida, nitamzika lini. Nikamsahihisha hapo pia: nita*i*zika. Tena nikamwambia si kuzika, ni kufukia, kwa kina cha kidole, baada ya kukausha vizuri juani.

Akapiga ukelele, simu ikakatika.

Kizazi hiki hakipendi kusahihishwa.

Fundi amepita mbele ya nyumba tangu asubuhi akienda na kurudi. Mara ya kwanza alijifanya ameangusha sindano. Jioni alibisha hodi akauliza, huku akitazama juu ya bega langu, Nyanya anaendeleaje. Nikafunga mlango. Nilimsikia akinusa upande wa pili.


Jumapili, tarehe 10 Machi

Lazima niandike yote kama yalivyotokea.

Walikuja baada ya chai. Mbele mwenyekiti wa mtaa, kofia mkononi. Nyuma yake Fundi, macho mekundu. Nyuma ya Fundi muuza mkaa, mama mmoja mnene ambaye hakuitwa na mtu, na ambaye hajawahi kukosa tukio.

Nilielewa papo hapo: Fundi amekwenda kuleta serikali. Wanataka kunipokonya mbegu kwa amri. Nikaamua kukana kila kitu.

Mwenyekiti akasema, Mzee, tumekuja kwa wema. Nyanya yuko wapi?

Nikamwambia kwanza ni "iko". Pili, haiko humu. Tatu, hata ingekuwamo, ni yangu, nimeitunza kwa mikono yangu mwaka wa thelathini na tatu huu, na nikiamua kuikata ni shauri langu na kisu changu.

Muuza mkaa akakaa chini, sakafuni.

Fundi akauliza, sauti ikiwa imepasuka, kama kweli nilitumia kisu. Nikamuuliza kwani yeye angetumia mkasi? Akaegemea ukuta. Akasema, Mzee, juzijuzi tu tumecheka naye pale ukutani. Nikamwambia nakumbuka vizuri, mlicheka wawili. Akauliza nilipata wapi moyo. Nikasema moyo haukuwapo, nilitetemeka, lakini wakati wake ulikuwa umefika, na ukishika kisu unapitisha kiunoni mara moja, usikwaruze.

Mwenyekiti akavaa kofia yake tena, akaivua tena. Aliuliza kuhusu harufu. Nikamjibu kitaalamu: ni hatua ya kawaida, ukungu ukishatanda juu harufu itapungua, kisha ni kuosha na kuanika. Muuza mkaa akaanza kuomba dua kwa sauti, akichanganya dua ya safari na dua ya mvua.

Wakanisogeza. Kwa adabu, sikatai, mwenyekiti alinishika kiwiko kama anayemvusha mtu barabara. Wakavuta kitanda. Ufunguo wakauona shingoni mwangu, sikuwa na nguvu ya kupigana. Kabati likafunguliwa. Harufu ikatoka kama imeitwa.

Chini ya makoti, kilemba cha mke wangu. Kina unyevu. Kimepata doa jekundu ubavuni.

Fundi alikiona kilemba, akakumbatia koti langu jeusi lililokuwa likining'inia, akaanza kulilia ndani yake. Mwenyekiti, mtu jasiri, akanyoosha mkono, akakifunua kidogo, akaona ukungu mweupe na chini yake vitu vidogo vingi vinavyotazama. Na hapo hasa ndipo mlango wa mbele ulipofunguka, mke wangu akaingia na begi lake, akatutazama, akauliza nani amekufa.

Fundi alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima. Akaanguka na koti. Bitana ikachanika. Mwenyekiti akaiachia chupa.

Nilipiga magoti kabla haijamaliza kuvunjika. Mbegu zilikuwa kila mahali: kwenye nyufa za sakafu, kwenye kiatu cha mwenyekiti, kwenye tepu ya Fundi. Nilianza kuziokota kwa ncha ya kucha, moja, moja, zinateleza. Nilisikia watu wanaongea juu yangu, wanaeleza, wanabishana. Fundi aliapa kwamba alisikia kwa masikio yake. Akauliza ni nani duniani huweka nyanya kabatini. Mwenyekiti akakubali kwamba hilo ni swali zuri.

Sikuinua kichwa. Niliwaza tu kwamba Mama alinikabidhi kitu kimoja.

Kisha mke wangu akaniambia nisogee. Alileta chujio, kijiko na beseni. Akakomba sakafu yote, pamoja na vipande vya chupa, akamvua mwenyekiti kiatu, akavimimina vyote kwenye beseni la maji. Makapi yakaelea. Akaviopoa vipande vya chupa, akayamwaga makapi taratibu. Akaongeza maji, akamwaga tena. Chini zikabaki mbegu, safi, zenye manyoya yake madogo. Akazitandaza kwenye sahani ya bati.

Kisha akauliza nani atapiga deki.


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kumbe kule kwetu wamekaa msiba.

Mke wangu aliiwasha simu yake akakuta imejaa pole. Akampigia mpwa wangu. Nilimsikia akisema ni mimi, mwanangu, ni mimi, halafu kelele, halafu kimya, halafu mtu mwingine akaishika simu na yeye pia akapiga kelele. Ilichukua muda. Mpwa wangu alikuwa ameelewa kwamba kisu ni upasuaji, na kabati ni lile la baridi la hospitali. Alikuwa amewaambia watu kwamba mjomba amechanganyikiwa kwa huzuni, anamwita mkewe "i".

Mke wangu hakukasirika. Ajabu, amefurahi. Ameongea nao asubuhi nzima akitaka kujua nani alisema nini juu yake. Nani alilia. Nani hakulia. Huyo asiyelia amemwandika moyoni.

Mimi nimelitafakari suala hili kama msahihishaji. Lugha yetu imempa bibi na tunda jina moja. Hata umilikaji wao ni mmoja: nyanya yangu, nyanya yako. Kinachowatenganisha ni herufi moja tu mbele ya kitenzi, na mimi, kwa kubana maneno, sikuweka kitenzi. Lakini ukitazama kwa haki, kosa si langu. Kosa ni la mtandao. Na la Fundi, aliyesikiliza maneno yasiyomhusu.

Nimeyaeleza haya kwa mke wangu. Akasema Fundi alimlilia mpaka akachana koti, mimi nilikuwa chini natafuta mbegu.

Nilikwenda kuzigeuza mbegu kwenye sahani.


Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mbegu zimekauka. Zinateleza kwenye sahani zikitoa sauti ya mchanga. Nilikuwa nimeanza kupumua.

Mke wangu amezigawa mafungu matatu. Amechana gazeti, amefunga vipakiti vitatu, ameviweka kwenye sinia mezani. Hiki chetu, akasema, hiki cha Fundi, hiki cha mpwa wako. Nikauliza kwa nini Fundi. Akasema aliyenililia anastahili nyanya. Nikasema cha mpwa wangu hakina haja, nitampelekea mwenyewe mvua zikianza. Alinitazama kidogo, akaendelea kukunja. Akasema kuna muuguzi anayeondoka Jumamosi kwenda kule, ameshaongea naye.

Nimeishiwa nguvu. Hofu mbili zimenijia kwa pamoja na sijui niogope ipi kwanza. Fundi akipata mbegu, atazijaza mtaa mzima, ataziuza, atazichanganya na takataka zake, baada ya misimu michache haitajulikana ni ipi. Na kule kwetu zikifika bila mimi, basi mimi ni wa nini?

Hofu ya pili sina la kuifanya. Ya kwanza ninalo.

Mke wangu alipokwenda kisimani nilikifungua kipakiti cha katikati, cha Fundi. Mbegu halisi nikazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu jeusi. Ndani ya kipakiti nikatia mbegu za pilipili hoho alizokuwa ameanika jikoni. Zinafanana kwa mtu asiyejua. Nikakifunga kama kilivyokuwa.

Nimekula chakula cha jioni kwa hamu.


Jumatatu, tarehe 18 Machi

Fundi ana aibu ya koti. Alikuja leo wakati niko msalani, akamwomba mke wangu alichukue akaishone upya bitana, bure, kama kunitaka radhi. Mke wangu akampa. Nilipotoka, ndoano ilikuwa tupu.

Nilikaa kitandani mpaka jua likageuka.

Jioni amelirudisha. Limeshonwa vizuri, limefuliwa, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mfuko wa ndani una harufu ya sabuni na hauna kitu. Fundi alisimama mlangoni akitabasamu kwa namna ambayo siipendi. Akanishika mkono akasema, Mzee, nimekuelewa. Kisha akaenda zake.

Siwezi kuuliza. Nikiuliza, mke wangu atajua mbegu zilifikaje mfukoni.

Bado kipo kipakiti chetu. Nimezipanda zote leo hii, kwenye udongo mpya, makopo nimeyaosha kwa maji ya moto. Nitalinda kila jani.


Jumatano, tarehe 3 Julai

Sijaandika muda mrefu. Nilikuwa nalinda.

Zimeota vizuri, zimenenepa, zimechanua maua meupe. Maua ya nyanya ni ya njano. Nililiona hilo tangu siku ya kwanza, nikajiambia ni udongo. Leo siwezi kujiambia tena. Nina pilipili hoho. Nzuri, kubwa, za kijani, makopo yote.

Nimemuuliza mke wangu, kwa mzunguko, kuhusu ule mpangilio wa sinia. Akasema siku ile, kabla ya kwenda kisimani, aliifuta meza, akaigeuza sinia, akavipanga upya vipakiti. Cha katikati kilikuwa chetu. Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema ni udadisi.

Fundi ana nyanya. Ana tuta zima la zile alizopewa na mke wangu, na tuta la pili la zile alizozikuta mfukoni mwa koti. Leo ameniita ukutani kunishukuru rasmi. Alisema hakutaka kunishukuru mapema kwa kuwa alijua ni zawadi ya siri, na mimi si mtu wa kupenda sifa. Akanipa moja juu ya ukuta. Alikuwa ameshaipima. Imezidi ile yangu.

Mke wangu aliikata kiunoni, akaitia chumvi. Nilikula kipande kimoja. Ndiyo yenyewe, na mabega yake ya kijani. Nikasema kuna upepo unaoniingia machoni. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Kisha nikarudi ukutani nikamwambia Fundi, kwa masikitiko, kwamba umbo limeharibika, udongo wa upande wake una kasoro, heri aing'oe yote kabla haijaambukiza mtaa. Alicheka mpaka tepu ikaanguka. Akaniuliza mbegu zinahifadhiwaje. Nikamwambia azikaange kidogo kwanza kwenye kikaango kikavu. Amesema atajaribu. Ijumaa anapeleka sare za shule, hatakuwepo hadi jioni. Nimeshaandaa mti mrefu wenye ndoano. Matunda mawili tu yanatosha, na safari hii sitaweka kabatini, nitaweka ndani ya tangi la maji lililo tupu. Hakuna atakayefikiria kunusa humo.

Mpwa wangu amepiga simu. Kule pia zimezaa. Watoto wa jirani huja kuigusa ile mikunjo na kucheka. Akauliza, Mjomba, utakuja lini uzionje? Nikamwambia wasichume hata moja mpaka niikague kwa macho yangu, wao hawawezi kujua kama ndiyo. Nikasema nitafika mvua zikianza. Akasema haya, tutasubiri.

Baadaye nimemsikia mke wangu jikoni akiongea naye, anamwambia wachume, wale, wahifadhi mbegu. Sikuingia kubisha.

Kwetu sitarudi.